Elimu ya nyumbani duniani: sheria inamdai mzazi elimu, au inamdai shule?

#1. Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kila mara mjadala wa kusomesha watoto nyumbani unapoibuka, swali la kwanza huwa "inaruhusiwa au hairuhusiwi?", na jibu huja upesi: Marekani inaruhusu, Ujerumani inakataza, basi. Jibu hilo ni la kweli, ila halimsaidii mtu kuelewa kwa nini iwe hivyo. Mimi naona lenye manufaa zaidi ni kuuliza sheria ya nchi husika imetumia neno gani. Ziko sheria zinazomdai mzazi ahakikishe mtoto wake anaelimika, na ziko zinazomdai ampeleke shuleni. Ukizisoma juu juu zinafanana, lakini neno hilo moja ndilo linaloamua kama mzazi atatembelewa na mkaguzi au ataitwa mahakamani.

Finland husifiwa kila siku kwa ubora wa shule zake, na wengi wanaozisifu hawajui kwamba sheria haimlazimishi mtoto yeyote kuzihudhuria. Sheria yao inazungumzia wajibu wa kujifunza. Mzazi akiamua kumsomesha mtoto nyumbani, manispaa ndiyo inayobeba jukumu la kufuatilia maendeleo yake, na kwa kawaida humkabidhi kazi hiyo mwalimu, ambaye hukutana na mtoto, hupitia madaftari yake na kumpa majaribio. Jirani zao wa Sweden waliibana njia hiyo kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, inayotaka pawepo sababu za kipekee kabisa kabla ya kibali kutolewa. Na wakati wa kuitunga ilielezwa wazi kwamba imani ya dini au falsafa ya mzazi haihesabiki kuwa sababu ya aina hiyo. Baadhi ya familia zilifungasha mizigo zikavuka bahari hadi Åland, visiwa vilivyo chini ya Finland ambavyo wenyeji wake huzungumza Kiswidi. Lugha ni ileile na bahari ni ileile, ila upande mmoja mtoto anayesoma na mama yake mezani ni mwanafunzi, na upande wa pili ni mtoro.

Mfano wa Austria na Ujerumani unafundisha zaidi. Austria ingali inafuata mantiki ya agizo la Maria Theresa, aliyekuwa mtawala wake, la mwaka 1774, lililofanya mafunzo yawe ya lazima bila kumfunga mtoto kwenye jengo: mzazi anaweza kufundisha nyumbani, lakini mwisho wa mwaka mtoto sharti afanye mtihani, na akishindwa hurudi shuleni. Ujerumani, inayopakana nayo na kuzungumza lugha hiyohiyo, haitoi nafasi hiyo isipokuwa kwa hali chache sana, kwa mfano ugonjwa. Hapa naomba niondoe kosa moja linalorudiwa mno mitandaoni, la kudai kwamba marufuku ya Ujerumani ni urithi wa Hitler na hakuna zaidi. Wajibu wa kuhudhuria shule uliandikwa katika Katiba ya Weimar, katiba ya Ujerumani ya kabla ya Hitler, ya mwaka 1919, katiba ileile iliyotaka watoto wote waanze katika shule moja ya pamoja, mtoto wa tajiri na wa kibarua wakikaa darasa moja. Sheria ya mwaka 1938 iliukaza wajibu huo kwa adhabu za jinai. Hoja inayotolewa na mahakama zao leo ni nyingine: kwamba jamii ina haki ya kuzuia makundi ya kidini au kiitikadi yasijitenge na kuishi kama jamii sambamba, na kwamba mtoto hujifunza kuvumilia wenye mawazo tofauti kwa kukaa nao. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikubali hoja hiyo mwaka 2006. Mwaka 2019 ilirudia msimamo huo katika shauri zito zaidi, la wazazi ambao watoto wao wanne walichukuliwa na mamlaka mwaka 2013 na kukaa mbali nao kwa takriban wiki tatu. Mahakama iliona kwamba haki ya familia haikuvunjwa.

Sikubaliani na hukumu hiyo ya pili. Wiki tatu ni nyingi kwa mtoto. Lakini nimeieleza kama ilivyo, ili tujadili jambo lenyewe, tusije tukajadili uvumi. Karibuni.

#2. Mwalimu mstaafu

Ndugu mleta mada, umeandika kwa utulivu, nami nitajibu kwa utulivu. Nimesimama mbele ya darasa kwa miaka thelathini na moja, na hofu yangu haihusu hesabu wala sarufi. Mzazi makini anaweza kufundisha kugawanya kwa njia ndefu vizuri kunishinda, kwa kuwa yeye ana mtoto mmoja na mimi nilikuwa na arobaini na nane. Hofu yangu ni kwamba shule, pamoja na kasoro zake zote, ni mahali ambapo mtu mzima asiye ndugu wa mtoto humwona mtoto huyo karibu kila siku. Nimewahi kugundua mkono uliovunjika kwa sababu tu mwanafunzi aliyezoea kuandika kwa mkono wa kulia alianza kuandika kwa wa kushoto. Hakusema chochote, daftari ndilo lililosema.

Januari 2018, katika jimbo la California, msichana wa miaka 17 alitoroka kwa kupitia dirishani akapiga simu polisi. Ndugu zake kumi na wawili walikutwa ndani, baadhi wamefungwa minyororo. Baba yao alikuwa ameisajili nyumba hiyo kama shule binafsi. Sisemi kwamba wanaosomesha nyumbani ni watesaji. Walio wengi ni wazazi wema kuliko wastani. Ninachosema ni kwamba karatasi ya usajili ilikuwepo na mtoto hakuonekana.

Kwa hiyo swali lako la neno gani limeandikwa naliona halijafika mwisho. Tazama Marekani, ambako tangu mwaka 1993 elimu ya nyumbani ni halali katika majimbo yote 50. Texas, kufuatia uamuzi wa mahakama yake ya juu wa mwaka 1994, huihesabu nyumba kuwa shule binafsi, na mzazi hawajibiki kutoa taarifa kwa serikali wala kuwasilisha mtihani. New York humtaka mzazi awasilishe mpango wa mafunzo wa mwaka, ripoti nne za kila robo mwaka na tathmini ya mwisho wa mwaka. Hiyo ni nchi moja. Tofauti iliyopo kati ya majimbo hayo mawili ni kubwa kuliko ile iliyopo kati ya mataifa mengi uliyoyataja.

#3. Mama wa watatu

Shikamoo Mwalimu. Mleta mada, habari za kazi.

Naandika kama mzazi aliyefanya jambo hili kwa miaka miwili na miezi minne, kisha akawarudisha watoto shuleni, na hajutii lolote kati ya hayo mawili. Nilimtoa mwanangu wa pili kwa sababu alikuwa ameacha kuzungumza darasani. Alikuwa anajibu kwa kichwa tu. Uongozi wa shule yake, ambayo sitaitaja, uliniambia ni utundu.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni muda. Kazi ambayo shuleni ilichukua siku nzima tuliimaliza kwa saa mbili na nusu, maana hakuna kuita majina, hakuna foleni, na hakuna kungoja wenzake waliochelewa kuelewa wala kuachwa na waliomtangulia. Jambo la pili halikuwa zuri hivyo. Nilipokuwa nikimfundisha kugawanya kwenye baki, niliona kwamba kabla hajaandika jibu huinua macho na kunitazama usoni. Alikuwa anasoma uso wangu. Nikikunja paji, hufuta. Kwa mwalimu asingefanya hivyo, kwa sababu uso wa mwalimu hausomeki kirahisi kama uso wa mama. Ilinibidi nijifunze kukaa nikiangalia dirishani mpaka atakapoweka penseli chini. Watu huuliza sana kuhusu marafiki na michezo, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu hilo, na ndilo lililonichosha kuliko yote.

Mwalimu, kuhusu kuonekana kwa mtoto nakubaliana nawe kwa moyo wote. Ningefurahi kama angekuja mtu kuyaona madaftari yetu. Hakuja.

Nina swali pia. Binti yangu mkubwa alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo ya nadharia hayakumshinda, ila kemia ilimkwamisha kwenye vitendo, maana bureti na pipeti, yaani mirija ya kupimia vimiminika, hatukuwa nazo, na shule mbili tulizoomba nafasi ya maabara zilitukatalia. Wenzetu wa nchi nyingine hufanyaje?

#4. Msoma sheria

Nimefuatilia kwa makini. Mleta mada, nadharia yako ya neno moja inakwama Ufaransa, na nitaeleza kwa nini.

Sheria ya Jules Ferry, waziri wa elimu wa Ufaransa wakati huo, ya tarehe 28 Machi 1882 ilifanya mafunzo yawe ya lazima, na ikasema bayana kwamba yanaweza kutolewa shuleni au ndani ya familia, na baba mwenyewe au mtu aliyemchagua. Neno ni mafunzo, si shule. Kwa takriban miaka 140 mzazi alitoa taarifa tu, kisha mamlaka zikawa na haki ya kukagua. Oktoba 2020 Rais Macron alitangaza nia ya kuifunga njia hiyo kwa walio wengi, akiitaja vita dhidi ya misimamo mikali ya dini, na sheria ya tarehe 24 Agosti 2021 ikabadilisha taarifa kuwa kibali kuanzia Septemba 2022. Kibali hutolewa kwa sababu nne: afya au ulemavu wa mtoto, michezo au sanaa ya kiwango cha juu, familia inayohamahama au iliyo mbali na shule, na hali mahususi ya mtoto inayohalalisha mpango wa pekee wa mafunzo. Baraza la Katiba lilipoulizwa, lilijibu kwamba kusomesha nyumbani ni namna mojawapo tu ya kutimiza wajibu wa mafunzo, na si sehemu ya uhuru wa elimu unaolindwa na katiba. Neno la mwaka 1882 halikuguswa. Kilichohama ni mzigo: zamani serikali ndiyo iliyopaswa kuonyesha kwamba mzazi anakosea, na sasa mzazi ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba anastahili.

Pia wapo wanaokimbilia Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 26, kwa kuwa inasema wazazi wana haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Ni kweli imesema hivyo, katika kifungu cha tatu. Kifungu cha kwanza cha ibara hiyohiyo kinasema elimu ya msingi itakuwa ya lazima. Kila upande husoma kifungu chake na kufunga kitabu.

Kwingineko mambo yako hivi. Katiba ya Ireland ya mwaka 1937 na ya Denmark ya mwaka 1953 zinailinda elimu ya nyumbani kwa maandishi, jambo ambalo ni adimu. Mahakama ya Katiba ya Hispania ilikataa mwaka 2010 kwamba wazazi wana haki hiyo kikatiba. Mahakama ya juu ya Brazil ilikuja na jibu la kati mwaka 2018: haikusema kwamba katiba inakataza, ilisema kwamba bila sheria ya bunge ya kuisimamia haiwezi kufanyika, mwaka 2022 bunge la chini likapitisha muswada na kuupeleka Seneti. Afrika Kusini iliitambua katika Sheria ya Shule ya mwaka 1996 kwa masharti ya kujisajili, na marekebisho yaliyosainiwa Septemba 2024 yameongeza usimamizi. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria, na Mahakama Kuu ilipoombwa iifungue njia ya nyumbani, mwaka 2021 ilikataa.

#5. Mpita njia

Naomba kutofautiana na wote. Hii ni anasa ya wenye nacho. Mzazi anayetoka alfajiri na kurudi usiku atafundisha saa ngapi? Mnajadili haki ambayo wachache tu ndio wenye uwezo wa kuitumia.

#6. Mleta mada

Msoma sheria, nakiri kosa. Ufaransa imenivunjia nadharia, au angalau imeniongezea sehemu ya pili: baada ya kuuliza neno, ni lazima tuulize nani anabeba mzigo wa kuthibitisha.

Mpita njia, hoja yako ina uzito na siibezi. Mzazi mmoja kukaa nyumbani ni mshahara mmoja kupotea, hata pale ambapo serikali inachangia kidogo, kama ilivyo katika jimbo la Alberta nchini Kanada. Lakini picha ya familia tajiri haitoshi. Ofisi ya Sensa ya Marekani ilikuta kwamba kaya zenye watoto wa umri wa shule zilizosema zinasomesha nyumbani zilipanda kutoka asilimia 5.4 majira ya kuchipua ya mwaka 2020 hadi asilimia 11.1 majira ya vuli. Swali lenyewe lilirekebishwa katikati ili watu wasichanganye na masomo ya shule yaliyofanyika kwa intaneti, kwa hiyo tusiusome mruko huo kwa pupa. Hata hivyo, kwa kaya za Wamarekani weusi ilikuwa kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1, na kundi hilo si lile tunalolifikiria tunaposema anasa.

Tena si kila anayesoma nyumbani amechagua. Japani haina nafasi ya kisheria ya mzazi kusema "nimeamua kumsomesha mwenyewe", lakini katika mwaka wa masomo wa 2023 wanafunzi zaidi ya 346,000 wa shule za msingi na sekondari ya chini walihesabiwa kuwa wameacha kuhudhuria, yaani wamekosa siku 30 au zaidi bila kuwa ni ugonjwa au umaskini. Sheria ya mwaka 2016 imekubali kwamba watoto hao wanahitaji mahali pengine pa kujifunzia. Mama wa watatu, habari ya mwanao aliyeacha kuzungumza ingeeleweka haraka sana huko.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Australia, ambako umbali ndio ulioamua. Tangu mwaka 1951 Shule ya Angani ya Alice Springs iliwafundisha kwa redio watoto wa mashamba ya mifugo yaliyo mbali na kila kitu, ikitumia mtandao wa redio wa huduma ya madaktari wa ndege. Mtoto alikaa mbele ya chombo, akangoja zamu, akabonyeza, akajibu, na wenzake waliotawanyika mamia ya kilometa wakamsikia. Mezani pembeni yake alikaa mama au mwangalizi aliyehakikisha kazi imeandikwa. Je, hiyo ni shule au ni nyumbani? Mimi nimeshindwa kuiweka upande wowote.

#7. Mwalimu mstaafu

Marahaba, Mama wa watatu. Nimeisoma sehemu ya kuangalia dirishani mara mbili.

Mleta mada, ukiniuliza nchi ipi ningeichagua, ningeanza na New Zealand. Huko mzazi huomba cheti cha msamaha, na kipimo kilichoandikwa katika sheria ni kwamba mtoto afundishwe mara kwa mara na vizuri kama ambavyo angefundishwa katika shule iliyosajiliwa. Kipimo ni kimoja, nacho kinambana mzazi na kuisuta shule kwa pamoja. Singapore ni kali zaidi: Sheria ya Elimu ya Lazima iliyotungwa mwaka 2000 na kuanza kutumika 2003 inaruhusu msamaha, lakini mtoto hufanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi na hutakiwa kuwashinda angalau theluthi moja ya watahiniwa wanaofanya masomo manne ya kawaida. Nilicheka niliposoma sharti hilo, kwa kuwa kwa hesabu yake lenyewe, theluthi ya watoto waliokaa shuleni wasingelifikia.

Sasa kuhusu maabara. Nitasema ukweli ambao si mzuri kwangu. Nilipokuwa mkuu wa idara ya sayansi niliwakatalia watahiniwa wa kujitegemea, si mara moja. Bureti zilikuwa ishirini na mbili, zimeandikwa kwenye daftari la vifaa, na iliyovunjika ilikuwa inanidai maelezo. Sikuwahi kufikiri kuhusu mtoto aliyesimama nje ya mlango. Nilifikiri kuhusu daftari. Kwa hiyo sitakushauri uende kwa mkuu wa shule na ombi la jumla, maana atajibu kama nilivyojibu. Nenda kwa mwalimu wa kemia mwenyewe, wiki ambazo wanafunzi wake wanafanya marudio ya vitendo, uombe binti aungane nao kwa vipindi vitatu au vinne, na ujitolee kwa maandishi kulipia atakachovunja. Mwalimu ambaye tayari amepanga meza hupungukiwa kidogo sana akiongeza mtahiniwa mmoja.

Kabla ya hapo, kazi kubwa inaweza kufanyika nyumbani kwa maji matupu. Bureti moja inatosha, hata ya kuazima. Ajaze maji mpaka sifuri, ashike bomba kwa mkono wa kushoto na flaski kwa wa kulia, atoe tone moja moja huku akizungusha flaski, kisha asome kiwango jicho likiwa sawasawa na mkunjo wa chini wa maji, si juu yake wala chini yake. Afanye hivyo mpaka vipimo vitatu anavyosoma mfululizo visipishane kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mililita. Kubadilika kwa rangi ya kemikali ataona akifika maabara, na hiyo haichukui hata nusu saa kuizoea. Wanaoshindwa, niliowaona mimi, wengi walishindwa kwenye jicho.

#8. Mama wa watatu

Ahsante sana, Mwalimu. Bureti nimepata ya kuazima hadi mwisho wa mwezi. Ameanza jana jioni. Mara ya kwanza vipimo alivyosoma vilipishana kwa mililita mbili nzima, na hakunitazama usoni.